Usikubali Kukalishwa: Mwongozo wa Kuuishi Uzee kwa Afya na Ridhaa Mombasa

Mama yangu alipotimiza miaka 74, mimi na ndugu zangu tulimfanyia jambo ambalo tuliliona kuwa ni wema mtupu: tulimnyang'anya mbuzi ya kukunia nazi. Alikuwa ameikalia mbuzi ile, yenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya, tangu sisi tukiwa watoto, na kila asubuhi aliinama juu yake akakuna nazi tatu, akakamua tui la kwanza na la pili, kisha akatuuliza nani atakula nini. Tulinunua mashine, tukamwajiri msichana wa kazi, tukamwambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha, sasa kaa kitako upumzike." Akakaa kitako. Ndani ya miezi minne alikuwa anashika ukuta ili ainuke kwenye kochi, mchana analala hadi alasiri, usiku hapati usingizi, na sauti iliyokuwa ikiamrisha nyumba nzima ikawa haina neno ila "vyovyote mtakavyo".

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kinachoyaongoza maelezo yote yanayofuata. Mazungumzo juu ya afya ya wazee aghalabu huanzia kwenye chakula na dawa, na hayo yana nafasi yake, lakini kwa niliyoyaona katika mitaa yetu, kuanzia Kibokoni hadi Kisauni, kinachomwangusha mzee mapema ni kupumzishwa: kuondolewa shughuli zake, safari zake na maamuzi yake kwa jina la heshima. Mwongozo huu basi namwandikia aliyefika miaka 60, umri ambao Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhesabu mtu kuwa mzee, na vilevile namwandikia mtoto au mkwe anayeishi naye, kwa maana mengi yaliyomo hayawezekani iwapo watu wa nyumbani wameamua kwamba bibi asiguse kitu.

Shika kazi ambayo usipoifanya itaulizwa

Mwaka 1976 wanasaikolojia wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika makao ya wazee huko Connecticut. Wazee wa ghorofa moja walipewa kila mmoja mche wa kutunza kwa mkono wake, wakaambiwa kwamba mpangilio wa vyumba vyao na uchaguzi wa siku ya kutazama filamu ni juu yao wenyewe. Wazee wa ghorofa nyingine walipewa miche vilevile, ila waliambiwa kuwa wauguzi wataimwagilia maji, na kwamba kila jambo litashughulikiwa kwa niaba yao. Baada ya wiki 3 wale wa kundi la kwanza walionekana kuwa wachangamfu zaidi, wenye furaha zaidi na wenye kushiriki zaidi katika mambo ya pale. Kila ninapomwona mzee wa mji huu amewekwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, amevishwa kanzu safi, amepewa chai, na hakuna anayemuuliza lolote, huwakumbuka wale waliomwagiliwa miche yao na wengine.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta dawa ya kuongeza nguvu, chukua orodha ya mambo unayoyafanya kwa siku ujiulize juu ya kila moja: nisipolifanya leo, ni nani atakayeuliza? Kutazama televisheni hakuna atakayekuuliza. Kumpeleka mjukuu madrasa saa nane mchana, kuchagua samaki kwa kuwa wewe ndiye unayejua kumfunua shavu ukaona kama ni wa leo au wa juzi, kuweka hesabu ya chama cha akina mama, kufungua msikiti kabla ya alfajiri au kukusanya vitabu vya nyimbo kanisani, hayo yote yataulizwa. Mawili au matatu ya namna hiyo yanatosha, mradi moja liwe la kila siku na moja likutoe nje ya nyumba.

Mikono iliyojifunza kazi za pwani ina bahati hapa, kwa maana kushona kofia ya viua au kusuka ukili wa mkeka ni kazi inayoweza kufanywa umekaa, inayotaka macho na vidole na hesabu kichwani, na mwisho wake kuna kitu cha kuuza au cha kumpa mtu. Zaidi ya hapo, ujuzi huo unawatoka vijana kwa kasi. Mwanamke anayejua kupiga hina kwa njia za zamani, kupika mkate wa mofa, au kumwelekeza bi harusi yale ambayo somo wake, yaani kungwi wake, alipaswa kumwelekeza, ana wanafunzi mtaani mwake hata kama bado hawajajijua. Nashauri uchague mwanafunzi mmoja tu na siku moja ya wiki, badala ya kutangaza darasa zima ambalo litakuchosha kabla ya mwezi kwisha.

Ni kweli kwamba nguvu hupungua, na sitaki mtu afikiri nasema bibi wa miaka 80 abebe magunia. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Paul Baltes, alipenda kutoa mfano wa mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye alipoulizwa uzeeni mwake anawezaje bado kupiga vizuri hadharani, alieleza kwamba anachagua vipande vichache zaidi, anavifanyia mazoezi mara nyingi zaidi, na kabla ya sehemu za kasi hupunguza mwendo kidogo ili kasi inayofuata ionekane kubwa kuliko ilivyo. Hiyo ndiyo hesabu tuliyoifanya nyumbani kwetu tulipoirudisha mbuzi ya nazi jikoni. Tuliipandisha juu ya benchi imara ili mama asikunje magoti hadi chini, nazi tatu zikawa moja, na siku ya Ijumaa pekee ndipo mashine ilipotumika, kwa kuwa siku hiyo wageni ni wengi. Aliilalamikia benchi kwa wiki nzima, akisema inamfanya aonekane kama fundi cherehani, na malalamiko yale yalikuwa sauti ya kwanza ya kwake halisi tuliyoisikia tangu tulipomkalisha.

Wanaume wanaostaafu wana shida ya peke yake. Mtu aliyefanya kazi bandarini, reli au katika ofisi ya serikali kwa miaka 30 alikuwa na saa ya kuamka, cheo, watu wa kumsalimia getini na jambo la kulalamikia jioni. Akifika 60 vyote vinaondoka kwa siku moja, na mafao huja yakamshughulisha kwa muda mfupi tu. Ushauri wangu ni kuanza mapema, angalau miaka 2 kabla ya kustaafu, kushika jambo jingine lenye siku na saa maalumu, iwe ni kamati ya shule, timu ya mpira ya mtaa inayohitaji mlezi, au shamba la minazi lililokaa bila mwangalizi huko Kwale au Kilifi. Na asiyejiandaa asiseme imempita: ajiwekee saa ya kuamka ileile ya zamani, avae viatu, atoke, kisha atafute jambo akiwa njiani.

Jichunge pia na maneno unayojisemea. Utafiti wa Becca Levy na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002 kwa kuwafuatilia watu wa mji mmoja mdogo huko Ohio, ulionyesha kwamba waliokuwa na mtazamo mwema juu ya kuzeeka kwao waliishi kwa wastani miaka 7.5 zaidi ya wale waliokuwa na mtazamo mbaya. Hapa kwetu "nishazeeka mimi" limekuwa jibu la kila mwaliko, na kila linapotamkwa ni safari moja imefutwa.

Miguu

Nguvu za misuli huanza kushuka taratibu tangu mtu akiwa na miaka 30 na kitu, na baada ya 60 mteremko huwa mkali zaidi, hasa kwa asiyejishughulisha. Habari njema ni kwamba misuli haina umri wa kukataa kufundishwa. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walieleza jinsi walivyowapa wazee dhaifu wa makao mamoja huko Boston, wenye umri wa takriban miaka 90, mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa muda wa wiki 8, na nguvu za miguu yao zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Wawili kati yao wakawa wanatembea bila bakora. Ikiwa wa miaka 90 aliweza, wa miaka 68 anayesema magoti yameisha anapaswa kujaribu kabla ya kuamini.

Jipime kwanza. Keti kwenye kiti cha kawaida kisicho na mikono, kilichoegemezwa ukutani, pishanisha mikono kifuani, kisha uinuke na kuketi kwa nusu dakika huku mtu akihesabu. Mwanamume wa miaka 70 hadi 74 anayeshindwa kufika mara 12, au mwanamke wa umri huo anayeshindwa kufika mara 10, yuko chini ya wastani wa rika lake na yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Tendo hilohilo la kujipimia ndilo zoezi lenyewe: inuka na kuketi mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, ukianza kwa kushika meza ikibidi, na kila wiki uongeze mara moja. Kwa ajili ya usawa wa mwili, simama kando ya sinki au meza ukiishika kwa kidole kimoja, inua mguu mmoja, uhesabu hadi kumi, kisha ubadilishe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba walio na miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya usawa angalau siku 3 kwa wiki, pamoja na dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani kama kutembea.

Dakika 150 ni kama nusu saa kwa siku 5, na Mombasa haitulazimishi kuzitafuta mbali. Tatizo letu ni jua na jasho, hasa katika miezi ya kaskazi kuanzia Disemba hadi Machi, ambapo saa tatu asubuhi tayari mtu anatota. Toka baada ya swala ya alfajiri au mara kunapopambazuka, urudi kabla ya saa mbili. Atakayekosa asubuhi na atoke baada ya alasiri. Bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2019, ina njia iliyo sawa, upepo wa bahari, kivuli cha mibuyu na mahali pa kuketi pumzi inapokatika, na kwa mwenye magoti mabovu njia iliyo sawa ni bora kuliko mchanga wa ufuoni. Wakaao Mji wa Kale hawahitaji kwenda huko kila siku, kwa kuwa vichochoro vyao vina kivuli na magari hayaingii yote, ila wajihadhari na bodaboda, ambazo huko hupita kana kwamba kichochoro ni barabara kuu.

Mwislamu anayeswali kwa kusimama, kurukuu, kusujudu na kuinuka, mara tano kwa siku, tayari ana mazoezi ambayo wengine huyalipia. Wengi wetu hukimbilia kiti cha msikitini mara goti linapouma, na dini imeruhusu kwa asiyeweza. Ninachosema ni kwamba anayeweza kusimama kwa baadhi ya rakaa asiiache miguu yake mapema kwa sababu tu kiti kimewekwa karibu. Wengine na watafute la kufanana nalo katika kufua, kufagia ua na kupanda ngazi.

Ama nyumba yenyewe, itazame kwa jicho la mtu anayeweza kuanguka. Mzee akivunjika nyonga huenda asirudi alikokuwa, na maanguko mengi hutokea humo humo ndani, njiani kwenda chooni usiku. Ngazi za nyumba nyingi za kale zimesimama wima na zina giza, hivyo weka taa ambayo swichi yake iko chini na juu, na kamba au mbao imara ya kushika upande wa ukuta. Choo cha kuchutama ni kizuri kwa magoti yenye nguvu, lakini mfungie mzee chuma cha kushika kilichozamishwa ukutani kwa saruji, kwani ndoo na bomba si vya kushika. Ondoa busati dogo linaloteleza kwenye sakafu ya vigae, futa maji ya bafuni kila baada ya kuoga, na badilisha ndara zilizolika nyayo. Unapoamka usiku, keti ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja kabla ya kusimama, kwa sababu damu ya mtu mzima, hasa mwenye kutumia dawa za presha, huchelewa kupanda kichwani.

Sinia

Chakula cha pwani kina sifa zake na kina mitego yake. Mtego mkubwa wa mzee, kinyume na watu wanavyodhani, huwa ni kula kidogo na kula aina moja. Asubuhi chai na hamri, mchana wali kiasi, usiku chai na mkate kwa kuwa "chakula kizito kinanisumbua", na hivyo siku nzima imepita bila kitu cha kujenga misuli. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza kama gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, isipokuwa kwa mwenye maradhi ya figo, ambaye lazima afuate maelekezo ya daktari wake. Njia nyepesi ni kuhakikisha kila mlo una kitu kimoja kati ya yai, samaki, dagaa, pojo, mbaazi, kunde, maziwa au mtindi. Mbaazi za nazi zile zile tunazolia mahamri zinafaa sana, mradi mbaazi ziwe nyingi na mahamri yawe machache, ilhali sisi tumezoea kinyume chake. Mwenye meno mabovu na asaidiwe kwa pojo zilizopondwa na samaki aliyetolewa miiba, badala ya kuachiwa uji mtupu.

Chumvi ndiyo ya kuogopwa zaidi ya nazi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote pamoja. Achari, papa mkavu, ng'onda, vidonge vya kutilia mchuzi na chumvi ya juu ya mhogo wa kuchoma huweza kuumaliza mgao huo kabla ya mlo wa mchana. Ukali wa ndimu, ukwaju, pilipili na bizari hufunika upungufu wa chumvi vizuri, na mpishi wa Mombasa hahitaji kufundishwa hilo. Sukari ya chai ihesabiwe kwa vikombe, kwani vijiko viwili mara vikombe sita ni vijiko kumi na viwili.

Kiu hupungua uzeeni ingawa haja ya maji haipungui, na katika joto letu hilo ni hatari. Jaza chupa asubuhi uiweke unapoiona, badala ya kungoja koo likauke. Dafu ni zuri, ila lina potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye figo dhaifu au anayetumia baadhi ya dawa za presha aulize kwanza. Na mfungo wa Ramadhani kwa mwenye kisukari anayetumia dawa unataka mazungumzo na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama; Kurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na asiyeweza kufunga kabisa ana fidia. Tambuu sitaizungumzia kwa urefu. Popoo na tumbaku husababisha saratani ya kinywa, na kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 3 kionyeshwe kwa daktari.

Presha, macho, masikio

Shinikizo la damu halina maumivu, na ndiyo sababu hupatikana mara nyingi baada ya kiharusi. Pima angalau mara kadhaa kwa mwaka hata ukiwa mzima, ukiwa umeketi na kutulia kwa dakika 5, mguu haujakunjwa juu ya mguu. Namba zikirudi 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni kazi ya kliniki. Dawa ya presha huendelea kunywewa namba zikiwa nzuri, kwa maana ndizo zimekuwa nzuri kwa sababu yake. Nimesikia mara nyingi mtu akisema, "Nimepona, nimeacha", na jamaa zake wakamaliza habari hiyo hospitalini.

Kitu kimoja hapa kinanitia wasiwasi kuliko vingine, nacho ni dawa za maumivu zinazonunuliwa duka la dawa bila cheti na kumezwa kila siku kwa ajili ya mgongo na magoti. Nyingi katika jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, huumiza figo na kuchoma tumbo zikitumiwa kwa muda mrefu, na hatari huzidi kwa mtu wa miaka 70. Kusanya kila unachomeza, vidonge, dawa za Kiarabu, mizizi na unga wa kuchanganya na asali, uvitie vyote katika mfuko mmoja, uupeleke mfuko huo kwa daktari angalau mara moja kwa mwaka, na umwombe akuambie kipi kinagombana na kipi. Usione haya kwa vile vya kienyeji. Bila kuviona hawezi kukusaidia.

Macho yanayoona ukungu huenda yana mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi, mara nyingi mgonjwa akirudi nyumbani siku hiyohiyo, na ni dhuluma mtu kuishi gizani miaka mitano kwa kudhani ndio uzee. Masikio nayo yanadharauliwa mno. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya maradhi ya usahaulifu, na kupoteza kusikia ni mojawapo, pamoja na presha, kisukari, uvutaji sigara, kutoona vizuri na upweke. Mzee asiyesikia huacha kuuliza, kisha huacha kwenda, kisha watu husema amekuwa mkimya. Asafishwe nta kwanza na mhudumu wa afya, kwani wakati mwingine hilo ndilo tatizo lote, na ikibidi atafutiwe kifaa cha kusikilizia.

Baraza iliyo mbali kidogo

Chuo Kikuu cha Harvard kimekuwa kikiwafuatilia watu tangu mwaka 1938 ili kujua ni nini kinachowafanya wengine wafike uzeeni wakiwa wazima na wenye furaha, na jambo lililojitokeza kwa nguvu ni ubora wa uhusiano wao na watu wengine. Hilo lisingemshangaza aliyejenga nyumba za Mji wa Kale, kwa kuwa aliweka baraza ya mawe mbele ya mlango kabla hajafikiria rangi ya ukuta.

Mwanamume wa Mombasa basi ana mahali pa kwenda: kahawa tungu kutoka kwenye dele, bao, dhumna, siasa za kaunti na habari za mazishi. Nina ushauri mmoja tu, kwamba asiichague baraza iliyo mlangoni kwake. Aichague ile ya robo saa kwa miguu, ili mazungumzo yampatie na mwendo, na asikae huko tangu asubuhi hadi magharibi, kwani kiti cha baraza nacho hukalisha.

Mwanamke mambo yake ni magumu zaidi, na hapa ningependa watoto wanisikilize. Mjane Mwislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na katika siku hizo nyumba hujaa watu. Eda ikiisha watu hurudi makwao, naye mara nyingi hatoki tena: hana wa kumsindikiza, watoto wanaogopa tuktuk, na mialiko ya arusi hupelekwa kwa mabinti zake. Mwezi wa kwanza baada ya eda upangwe kama ratiba ya shule, darsa siku fulani, chama siku fulani, kumtembelea dada yake Majengo au Changamwe siku fulani, na awe na mtu mmoja anayempitia, kwani kumwambia "ukitaka kutoka utuambie" ni sawa na kumwambia asitoke. Afundishwe pia kupokea simu ya video na kutuma sauti, kwa kuwa watoto wengi wako Nairobi au Ughaibuni, na ujumbe wa sauti wa mjukuu unaoweza kusikilizwa mara ishirini una thamani kuliko simu ya haraka ya Jumapili.

Anayelia muda mrefu, asiyekula, asiyelala, na asemaye kwamba hana haja ya kuishi, hajakosa imani wala hajalogwa. Huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa wenye tiba, na apelekwe hospitali kama ambavyo angepelekwa kwa homa.

Karatasi

Amani ya moyo ya mzee hutegemea sana mambo ambayo yanaonekana ya ofisini tu. Mwenye miaka 70 na zaidi aulize kwa chifu wa eneo lake juu ya kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na aende na kitambulisho ambacho tarehe ya kuzaliwa iko sahihi, kwa kuwa wazee wengi wa pwani waliandikiwa miaka kwa kukisia. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, ile bima ya hospitali ya zamani, na kujiandikisha kunawezekana kwa simu kupitia *147#; mwenye kadi ya zamani asidhani inatosha. Namba ya siri ya M-Pesa asipewe mtu yeyote anayepiga simu, hata akijitambulisha kama mhudumu wa kampuni, na hata akilitaja jina lako kamili.

Nyumba isiandikwe jina la mtoto kwa haraka ati ili kuepusha ugomvi baadaye. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake kwa wasio warithi, na iliyobaki hugawanywa kwa mirathi, jambo ambalo Mahakama ya Kadhi hulishughulikia. Wasio Waislamu huandika wosia unaotiwa sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali, kwa hiyo anayeshurutishwa kutia sahihi au kidole gumba ana mahali pa kulalamika, na akatae kwanza ndipo aulize.

Hati ya nyumba, kitambulisho, wosia, kadi ya kliniki na karatasi yenye majina ya dawa zote na kiasi chake viwekwe katika mkoba mmoja. Watu wawili waambiwe mkoba uko wapi, mmoja awe mtoto na mwingine awe jirani, kwa kuwa usiku wa dharura mtoto huenda yuko ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Nakala ya ile karatasi ya dawa ibandikwe pia nyuma ya mlango wa chumba, kwa herufi kubwa ambazo mjukuu wa darasa la tatu anaweza kumsomea daktari kwenye simu.